Mila Haziishii Langoni pa Kiwanda

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, bwaloni, baada ya chakula cha mchana.)



Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze juu ya biashara na utamaduni, na chini yake akaongeza kwa wino mwekundu kwamba nisipitishe nusu saa. Wanaomkumbuka Katibu alipokuwa kiranja wa bwalo hili wanajua kwamba agizo kama hilo si la mzaha. Nitajitahidi.

Kwa miaka zaidi ya 30 kazi yangu ilikuwa ya utumishi: kuajiri watu, kuwapandisha vyeo, kuwasuluhisha, na mara nyingine kuwaachisha kazi. Leo nataka kusema juu ya elimu ambayo sikuisomea, nayo ni anthropolojia, yaani elimu ya kuchunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja: mila zao, ukoo wao, zawadi zao, mizaha yao na miiko yao. Wengi hudhani ni elimu ya watu wa porini na wa zamani. Nami nilidhani hivyo. Niliijua faida yake ukubwani, tena kwa gharama; na gharama yenyewe sikuilipa mimi, aliilipa mtu mwingine. Hilo ndilo nililokuja kuwaeleza.

Lakini ngojeni kwanza nianzie hapa hapa bwaloni. Pale nje, kwenye ubao wa matangazo, palikuwa na sheria za shule zilizopigwa chapa na kutiwa sahihi na Mwalimu Mkuu. Wenzangu mtakumbuka kuwa hakuna hata moja iliyosema ukoko wa wali wa Jumapili ni wa nani. Hata hivyo, kila mtoto wa kidato cha kwanza alijua, kabla ya juma la kwanza kwisha, kwamba ukoko ni wa kidato cha nne. Alijua pia kwamba mkuu wa meza ndiye anayegawa mboga, lakini yeye ndiye wa mwisho kuchagua sahani. Mgeni angeiona desturi hii ya pili kuwa ni adabu tu. Sisi tuliokaa mezani tulijua kazi yake: kwa kuwa mgawaji atabakiwa na sahani iliyokataliwa na wengine, hujitahidi zote zilingane. Hapakuwa na mwalimu aliyeitunga sheria hiyo, wala hapakuwa na mwalimu aliyeijua.

Ndugu Mwenyekiti, elimu ya anthropolojia ni hiyo tu: kukaa mezani mpaka ujue sahani zinagawanywaje.

Kati ya mwaka 1915 na 1918 mtaalamu mmoja mzaliwa wa Poland, Bronislaw Malinowski, aliishi katika visiwa vya Trobriand, ambavyo leo ni sehemu ya Papua Guinea Mpya. Alipiga hema lake katikati ya kijiji, akajifunza lugha ya watu, akawatazama wakilima, wakigombana na kusafiri. Aliona jambo la ajabu. Wanaume walipanda mitumbwi, wakavuka bahari ya hatari kwenda visiwa vya mbali, kwa ajili ya kupeana mikufu ya kombe nyekundu na bangili za kombe nyeupe. Mikufu ilizunguka visiwa kwa upande mmoja, bangili kwa upande wa pili, na hapakuwa na mtu aliyekaa nazo siku nyingi. Jina la desturi hiyo ni Kula. Mfanyabiashara angesema ni kazi bure. Malinowski alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1922 kwamba mtu aliyepeana vitu hivyo na mwenzake wa ng'ambo alijipatia mwenyeji wa kumpokea na kumlinda katika nchi ya kuogopwa. Na pembeni ya zawadi hizo watu walibadilishana bidhaa za kawaida kwa kupatana bei kama sokoni. Zawadi ilitangulia, biashara ikafuata. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa sana neno "mwenyeji." Nataja pia kwamba Malinowski alipofundisha London, mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye kitabu chake juu ya Wakikuyu, Facing Mount Kenya, kilitoka mwaka 1938 kikiwa na utangulizi wa mwalimu wake.

Kutoka visiwani elimu hii iliingia kiwandani mapema kuliko wengi wanavyodhani. Karibu na Chicago kilikuwako kiwanda cha Hawthorne, cha kampuni ya Western Electric, kilichotengeneza vifaa vya simu. Watafiti waliokuwa wakichunguza kazi za pale walimwomba ushauri W. Lloyd Warner, mtaalamu aliyekuwa ametoka kuishi na wenyeji wa kaskazini mwa Australia. Wakakichunguza chumba kimoja kama mtu anavyochunguza kijiji. Tangu Novemba 1931 hadi Mei 1932 wanaume 14 walifanya kazi ya kuunganisha nyaya humo, na mtu mmoja akakaa pembeni akiandika alichokiona.

Malipo yalipangwa hivi: kadiri kundi zima linavyotoa kazi nyingi, ndivyo kila mtu anavyopata zaidi. Wakubwa walitazamia kwamba wenye bidii watawasukuma wazembe. Haikuwa hivyo. Wale watu walikuwa na kipimo chao wenyewe cha kazi ya siku. Aliyekipita alidhihakiwa na kupigwa ngumi ya mkononi. Aliyepungukiwa naye alilaumiwa. Aliyempelekea msimamizi habari za mwenzake alionekana mbaya kuliko wote. Wenye kalamu wangeandika: uvivu. Lakini watu wenyewe walihofu kwamba kazi ikizidi, bei yake itapunguzwa au baadhi yao wataachishwa. Ulikuwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na uchunguzi wenyewe ulikoma mwaka 1932 kwa sababu kazi ilikosekana. Kipimo chao kilikuwa boma lao.

Sasa nije kwangu.

Mwaka 1984 nilikuwa ofisa utumishi kijana katika kiwanda kimoja cha nguo ambacho jina lake naliacha. Nilikuwa na stashahada mpya, suti ya Kaunda moja, na imani kubwa katika nyaraka. Katika idara ya ufumaji walikuwako wazee wawili, mmoja Mzaramo, mwingine Mnyamwezi. Wanaojua historia wanajua kwamba makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakishuka pwani kupitia nchi ya Wazaramo. Wazee wale walikuwa watani kwelikweli. Kila asubuhi Mzaramo alimpokea mwenzake kwa sauti iliyoshinda mashine: "Wewe, bado hujafa tu?" Naye hujibiwa: "Nife mapema nani akubebeshe jeneza langu, mtumwa wangu?" Saa ya chakula mmoja hulichukua bakuli la mwenzake bila kuomba, akala nyama na kumrudishia mchuzi. Idara nzima hucheka.

Mimi sikucheka. Niliona matusi kazini na wizi wa chakula. Nikaandika waraka: ni marufuku kutumia lugha ya matusi, na ni marufuku kuchukua mali ya mfanyakazi mwingine bila ridhaa yake. Nikawaita wale wazee wawili, nikawapa onyo la maandishi. Walilipokea kwa adabu, wakatia sahihi, wakatoka bila kutazamana.

Idara ikawa kimya, nami nikafurahi. Lakini faili la malalamiko la idara ile, lililokuwa jembamba, likaanza kunenepa. Fulani kasinzia zamu ya usiku. Fulani kamwaga mafuta makusudi. Fulani kamwita mwenzake mshamba. Mambo hayo yalikuwako tangu zamani. Kumbe kabla ya waraka wangu mzee mmojawapo alikuwa akiyachukua, anayageuza kuwa kichekesho mbele ya watu, mkosaji anaona haya, mkosewa anapoa, na kazi inaendelea. Sasa yalikuja mezani kwangu kwa barua, na barua haina kicheko.

Mwaka uliofuata yule mzee Mnyamwezi aliugua siku chache akafariki. Asubuhi ile ile mtani wake alikuja ofisini, kofia mkononi.

"Ndugu Ofisa, naomba ruhusa ya siku tatu. Nina msiba."

"Pole, Mzee. Marehemu ni nani kwako?"

"Ni mtani wangu."

Nikaitazama fomu. Palikuwa na nafasi ya baba, mama, mume au mke, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Nikamwambia kwamba kampuni itatuma wajumbe na rambirambi, na kwamba yeye anaweza kwenda baada ya zamu. Akanitazama kwa muda, akasema, "Ndugu Ofisa, kule ninayo kazi." Nami nikamjibu, "Hata hapa unayo kazi, Mzee." Nilijiona nimejibu vizuri.

Akaenda bila ruhusa.

Mimi nilikuwa mmoja wa wajumbe. Nilifika msibani na bahasha ya kampuni. Nilimkuta amevaa ovaroli ya marehemu na kofia yake, akitembea kwa mwendo wa marehemu, akichechemea mguu ule ule, akiwadai watu faini mlangoni kabla jeneza halijatoka. Aliwaambia waombolezaji kwamba marehemu alikuwa akiiba nyama za watu na kwamba leo lazima alipe. Mjane, ambaye niliambiwa hakuwa amesema neno tangu usiku, alicheka huku machozi yakimtoka, kisha akaomba maji. Niliona pia kwamba yeye ndiye aliyesimamia uchimbaji wa kaburi, yeye ndiye aliyegawa chakula, yeye ndiye aliyewanyamazisha shemeji wawili walioanza kuulizana habari za baiskeli ya marehemu.

Niliyaona yote hayo kwa macho yangu mwenyewe, na sikuyaona. Kesho yake niliandika katika taarifa kwamba mfanyakazi huyo, aliyekuwa ametoroka kazini, alikutwa akifanya mzaha msibani. Alikuwa na onyo la awali, lile la bakuli la nyama. Kanuni zilikuwa upande wangu. Barua ya kumwachisha kazi niliitia sahihi mimi. Alikuwa ametumika miaka 19.

Ndugu Mwenyekiti, wengine hapa mtasema: wewe ni mtoto wa nchi hii, hukuyajua mambo ya utani? Niliyajua. Hata kwetu tuna watani, na walipomzika babu yangu niliwaona wakilala mlangoni na kukataa kuinuka mpaka wapewe chochote. Niliyajua, lakini niliyaacha langoni pa kiwanda. Niliamini kwamba mila ni ya kijijini na kanuni ni ya kazini, na mtu anapopiga kadi ya kuingia huivua mila kama mtu avuavyo kanzu.

Mwaka 1991 nilipelekwa masomoni Uingereza kwa miezi michache. Huko, katika maktaba, nikasoma makala ya A. R. Radcliffe-Brown ya mwaka 1940 juu ya utani. Alieleza kwamba utani ni mapatano ya watu wanaoweza kuwa maadui lakini wanaohitajiana: hutukanana kwa ruhusa, na ni mwiko kukasirika; hivyo ugomvi hutolewa nje kidogo kidogo ukiwa umevaa nguo ya mchezo. Niligundua pia kwamba R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani huko Usambara, alikuwa ameandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka hiyo hiyo ya 1940. Nilikaa pale nikaona haya. Mtaalamu wa ndege aliuona utani wetu. Mimi, ofisa utumishi, niliuandikia onyo.

Niliporudi nilimtafuta yule mzee. Ilichukua muda. Mwaka 1993 nilimkuta upande wa Kisarawe, akiuza nazi. Alinikaribisha vizuri, akaniketisha, akanipa dafu. Nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Ungekuwa mtani wangu ningekutukana sasa hivi, tukacheka, yakaisha. Lakini wewe si mtani wangu. Basi nikuambie nini?" Hakuwa na hasira. Alitaja tu hali ilivyo. Neno lile ninalo mpaka leo.

Sasa, vijana, msidhani kwamba haya ni mambo ya wazee na viwanda vya zamani. Nawapeni mifano miwili ya karne hii.

Wa kwanza ni wa jirani zetu Kenya. Mwaka 2005 ilianza kujaribiwa huduma ya kutumia simu ya mkononi ili wakopaji wadogo warudishe mikopo yao. Hayo ndiyo yaliyokuwa makusudi. Lakini walioijaribu waliifanyia mambo mengine. Wengine waliweka fedha kabla ya safari na kuzitoa walikofika, wasiporwe njiani. Wengine walilipana wao kwa wao, au wakawatumia jamaa wa mbali muda wa maongezi. Wenye huduma wangeweza kusema watu hawa wanaitumia vibaya, wakatoa waraka kama wangu. Badala yake walitazama. Walipoifungua kwa wote Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, tangazo lao lilisema juu ya kutuma fedha nyumbani. La mikopo liliachwa. Tangu zamani, mtu aliyeko mjini akipata mshahara huwa ana mtu nyumbani anayeungoja, na fedha hupelekwa kwa mkono wa dereva wa basi au wa jamaa anayesafiri. Simu iliifuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Mwaka 2008 ikavuka mpaka ikaja kwetu Tanzania, na leo hata fedha za rambirambi zinapita humo.

Mfano wa pili ni wa Ulaya. Gillian Tett, mwandishi wa gazeti la Financial Times, alisomea anthropolojia na kuchunguza desturi za ndoa huko Tajikistan. Mwaka 2005 alihudhuria mkutano wa watu wa mabenki katika mji wa Nice, Ufaransa. Aliutazama kama alivyotazama harusi za Tajikistan: nani anasema, kwa lugha gani, na nini hakisemwi. Aliona michoro, hesabu na vifupisho vingi juu ya biashara ya madeni. Lakini mtu mwenyewe, aliyekopa ili ajenge nyumba, hakutajwa. Mikopo ya nyumba ya Marekani ilipoanza kutolipika mwaka 2007, na mabenki makubwa yakayumba mwaka 2008, aliyekuwa ametoka kinywani mwa wataalamu ndiye aliyewaangusha. Katika fomu yangu mtani hakuwa na nafasi. Katika michoro yao mkopaji hakuwa na nafasi. Kosa ni moja.

Naomba nitahadharishe mambo mawili, kusudi mtu asitoke hapa akasema nimehubiri kwamba kila mila ni njema. Kwanza, elimu hii ina historia yake mbaya: wako wakoloni walioitumia ili watutawale kwa urahisi zaidi, na leo wako wauzaji wanaoitumia ili watuuzie tusichokihitaji. Pili, si kila dhihaka ni utani. Binti anayetolewa maneno machafu ofisini, akilalamika akaambiwa "ni utani tu," huyo ameonewa. Utani una pande mbili: ukinitukana nami nakutukana, ukila nyama yangu nitakula yako, na nikifa utanizika. Asiyeweza kurudisha hajataniwa. Kulijua hilo nako ni faida ya kuzijua mila kwa undani. Huwezi kutofautisha vitu ambavyo hujavitazama.

Basi mtu anayesimamia watu afanye nini? Nina mambo matatu tu. Kwanza, kabla hujaandika waraka kaa na watu, ule nao, uulize jambo hili ambalo kwako ni upuuzi linafanya kazi gani. Pili, usisikilize linalosemwa peke yake. Jiulize ni nani ambaye hatajwi. Tatu, unapoona watu wanatumia chombo chako kwa njia usiyoitazamia, usikimbilie kuwakataza. Huenda wanakufundisha kazi yake.

Nilipopata madaraka ya kubadilisha fomu, mwaka 1995, katika shirika jingine, niliongeza mstari mmoja chini ya orodha ya jamaa: "Uhusiano mwingine, eleza." Wapo walioutumia kwa uongo, sikatai, lakini si wengi, na wenzao waliwajua kabla yangu. Waliobaki waliandika mambo ambayo sijayasoma katika kitabu chochote: mama aliyemnyonyesha mtu bila kumzaa, kungwi, mwenyeji aliyempokea mtu siku ya kwanza mjini, na mara nyingi, mtani. Niliyasoma yote kabla ya kutia sahihi.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu ananitazama kwa jicho lile la kiranja. Nawashukuru kwa kunisikiliza, namshukuru Mwalimu Mkuu kwa chakula, na naomba nijue jambo moja tu kabla sijaketi: ukoko wa wali wa leo umekwenda kwa nani?